Miayo ya Karani wa Benchi la Meno

Saa moja na robo asubuhi, korido ya kliniki ya meno imekwisha kujaa, na karibu kila aliyemo amejishika shavu. Benchi moja la mbao limebeba watu tisa, ingawa aliyelichonga aliwafikiria sita. Wengine wameegemea ukuta. Mzee mmoja ameketi juu ya ndoo aliyokuja nayo kutoka nyumbani, kwa hiyo hapa si mgeni.

Nyuma ya dirisha dogo la kadi amesimama mwanamke mfupi wa miaka hamsini na tisa, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Anawatazama watu wake mmoja mmoja, bila haraka. Kisha anaweka kalamu chini, anafumba macho, anafungua mdomo na kupiga mwayo mrefu wenye sauti, kama mtu ambaye hajaona kitanda tangu juzi.

Benchi zima linamfuata. Fundi viatu anapiga mwayo. Mama aliyemleta mkwewe anapiga, na mkwe naye anapiga. Kijana mmoja mwenye shati la mistari, ambaye tangu getini alikuwa akilia kwamba taya limekaza na mdomo haufunguki hata kwa kijiko cha chai, anapiga mwayo ambao chungwa zima lingepita bila kugusa pembeni.

"Kaka," karani anamwambia kwa upole, "wewe namba kumi na tisa. Pole sana, lakini kaa."

"Dada, mimi nakufa!"

"Nimekuona. Kaa hapo ufe polepole, daktari anakuja."

Korido inaangua kicheko, wanacheka hata wale ambao kucheka kunawauma. Lakini karani hacheki. Macho yake yamebaki kwenye pembe ya ukuta, karibu na mlango, ambako fundi cherehani mmoja, mwanamke wa makamo, amesimama peke yake, kichwa amekiinamisha mbele kidogo, leso mdomoni. Huyo hakupiga mwayo. Uso wake ulijaribu, macho yakajaa machozi, mdomo ukabaki palepale.

Karani anatoka nyuma ya dirisha, anamgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, anamwambia ameze mate. Mwanamke anatikisa kichwa. Karani anamkabidhi kadi nyekundu na kumsukuma taratibu hadi kwenye mlango wa daktari.

"Huyo kafika sasa hivi!" analalamika aliyeketi juu ya ndoo. "Mimi nipo hapa toka saa kumi na moja!"

"Ni kweli, mzee wangu. Na tangu saa kumi na moja hujanyamaza," karani anamjibu. "Mtu anayeweza kugomba anaweza kungoja."

Hivi ndivyo siku inavyoanza kwa mwanamke ambaye wagonjwa wamempachika jina la Mama Miayo. Yeye si daktari wala muuguzi. Kazi yake, kwa mujibu wa barua ya ajira anayoihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, ni "kupokea wagonjwa, kutoa kadi na kutunza benchi". Ameifanya kwa miaka ishirini na miwili, na mshahara wake, anasema, haujawahi kuiona tarehe kumi na tano ya mwezi wowote.

Kliniki ina viti viwili vya wagonjwa. Kimoja kiliharibika mwaka juzi na sasa kinatundikiwa makoti. Kwa kiti kilichobaki, daktari na msaidizi wake wanaweza kuhudumia watu ishirini na watano kwa siku wakijitahidi. Wanaofika ni arobaini, siku nyingine hamsini. Kwa hiyo lazima mtu aamue nani anaingia sasa, nani anangoja, na nani anarudi kesho. Mtu huyo ni Mama Miayo, na hakuna anayemshukuru kwa hilo.

"Kila mtu jino lake ndilo jino," anasema huku akipanga kadi. "Ukimwambia jino lako si la dharura, ni kama umemwambia mtoto wake si mzuri."

Kadi za kawaida ni nyeupe, zenye namba. Nyekundu zipo saba tu. Mgeni akipewa nyekundu hushtuka akidhani amefukuzwa, kama uwanjani. Mama Miayo humweleza kwamba hapa nyekundu ndiyo ya kuingia, nyeupe ndiyo ya kukaa nje.

Aliyemfundisha kuzigawa ni daktari wa zamani, ambaye sasa amestaafu. Siku yake ya kwanza kazini alimwambia asisikilize kelele. Maumivu ya jino hupiga kelele, na kelele ni haki ya mgonjwa, apewe dawa ya kutuliza na aoshe kinywa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi huku akingoja. Lakini kuna mambo ambayo hayangoji foleni.

Mama Miayo anayataja bila kusoma popote. Uvimbe unaopanda kwenda jichoni au unaoshuka chini ya taya na shingoni. Homa inayofuatana na uvimbe. Mdomo unaogoma kufunguka. Mate yasiyomezeka, yanayotiririka yenyewe. Sauti iliyobadilika. Pumzi inayovutwa kwa shida, na huyo hata kadi nyekundu hapewi, anakimbizwa hospitali kubwa moja kwa moja.

"Na damu," anaongeza. "Umeng'olewa jino, umeng'ata pamba nusu saa bila kuitoa kuichungulia, bado damu inakuja tu. Urudi. Lakini uwe umeng'ata kweli. Wengine wanang'ata dakika mbili, wanaitoa, wanamwonyesha jirani, wanairudisha."

Lipo pia jino lililong'oka kwa pigo. Jino la mtu mzima likitoka lote, linaweza kurudishwa kama litashikwa upande wa kutafunia, si kwenye mzizi, lisisuguliwe, liwekwe kwenye maziwa na kuletwa ndani ya saa moja. Mama Miayo alilitangaza hilo koridoni kwa mwezi mzima. Matokeo yake, golikipa mmoja wa timu ya mtaani aliletwa mbio na wenzake watatu, jezi imelowa damu.

"Nikamuuliza jino liko wapi. Akatoa karatasi ya chooni mfukoni, jino limo ndani, kavu. Nikamuuliza, na maziwa? Akaniambia, 'Nimekunywa, mama. Nusu lita.' Wenzake wakathibitisha kwamba ameyamaliza yote."

Anavua miwani na kujifuta macho. Jino lile halikushika, anasema, ila golikipa alikuwa na afya njema.

Miayo yenyewe ilikuja kwa bahati. Zamani kipimo chake kilikuwa vidole. Mgonjwa alitakiwa kusimamisha vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, na kuviingiza katikati ya meno ya mbele. Vikiingia vitatu, taya halijambo. Kikiingia kimoja tu, anapewa nyekundu.

Kipimo kilikuwa kizuri mpaka mji ulipokijua. Watu waliambiana sokoni, salunini, kwenye foleni za maji. Ndani ya wiki mbili, anasema, hapakuwa na mgonjwa aliyeweza kufungua mdomo zaidi ya kidole kimoja. Walikuja wamebana mataya kama pochi ya bahili.

"Siku moja nilikuwa na watu thelathini na wanne. Thelathini na mmoja midomo imefungwa. Nikasema, Mungu wangu, mji umepata pepopunda! Nikachoka. Nikapiga mwayo wa uchovu tu, wala sikukusudia. Nikainua kichwa, nikaona makoo yote."

Waliobaki wamefunga midomo walikuwa wawili. Wote wawili walikuwa na majipu ya kweli.

Daktari wa sasa, kijana mrefu anayevaa viatu vya raba ili asimwamshe yeyote aliyepitiwa na usingizi kitini, anacheka akiulizwa kuhusu kipimo hicho. Anasema hakimo kitabuni na hategemei kitakuwemo. Wapo wazima wasioambukizwa miayo, na wapo wagonjwa mahututi ambao mdomo wao unafunguka vizuri tu.

"Ndiyo maana baada ya mwayo anawauliza maswali yote, na anawashika uso," anasema daktari. "Mwayo unamsaidia kujua nani anaigiza. Ila niseme ukweli, mimi nimesoma miaka mingi, na mara tatu mama huyu ameniletea mtu ambaye mimi ningemwambia arudi kesho."

Mwandishi wa makala haya alipigiwa mwayo pia, alipojaribu kumhoji kabla ya muda wa mapumziko. Akaufuata. Akaambiwa akae mwisho wa benchi, nyuma ya mwenye ndoo.

Saa saba mchana dirisha linafungwa kwa dakika thelathini. Mama Miayo anafungua chombo chake cha chakula, anakiangalia, anakifunika tena. Ameulizwa ni lini alipata hofu kubwa kuliko zote katika miaka ishirini na miwili ya kazi, na inaelekea swali hilo limemkata hamu.

"Haikuwa hapa," anasema. "Ilikuwa mezani kwangu."

Mumewe alikuwa mnadi wa nguo za mitumba. Sokoni walimwita Spika, ingawa hakuwahi kushika kipaza sauti maishani mwake. Wenye maduka wa mtaa wa pili walisema walijua bei ya suruali zake bila kutoka nje. Nyumbani sauti ilikuwa ileile. Akiomba chumvi, jirani wa kushoto aliamka kuangalia kama anayo.

Mwaka juzi gego lake la mwisho, chini upande wa kulia, lilianza kumsumbua. Mkewe alimwambia aje kliniki. Yeye akajitibu. Aliweka karafuu, akasukutua kwa vitu ambavyo mkewe hakuviuliza majina, na mwishowe akasaga aspirini na kuibandika pembeni ya jino kwa ushauri wa muuza mikanda. Fizi ikaungua, na sasa akawa na vidonda viwili badala ya kimoja.

Jumatatu moja akaja mwenyewe.

"Aliingia koridoni na sauti ile ya sokoni. 'Mke wangu, nimekwisha! Toa kadi nyekundu!' Benchi zima likageuka. Nikamwambia karibu mzee, fungua mdomo nione. Akasema haufunguki. Nikamtazama, nikapiga mwayo."

Spika naye akapiga, kwa nguvu zake zote, hadi mkewe akaona kilimi kinacheza. Watu walicheka mpaka wengine wakasahau kilichowaleta. Karani akamgusa shavu, hakukuta uvimbe. Akamgusa paji, hakuna joto. Akampa namba thelathini na moja, kama ambavyo angempa mtu mwingine yeyote.

"Angekuwa mume wa mtu mwingine, angekaa. Lakini ni mume wangu, kwa hiyo aliibwaga kadi dirishani, akasema maneno ambayo nakuomba usiyaandike, akaondoka."

Usiku huohuo alikula kiapo mbele ya watoto wawili na shemeji yake kwamba hatakanyaga benchi lile tena, hata jino litoke mdomoni litembee kwa miguu yake.

Wiki mbili baadaye maumivu yakakoma ghafla. Spika alitamba nyumba nzima. Alimwambia kila aliyepita kwamba jino limemwogopa, limesalimu amri bila daktari. Mama Miayo alijua kwamba jino lililouma miezi miwili halinyamazi kwa sababu limepona. Mara nyingi hunyamaza kwa sababu limekufa ndani, na ugonjwa unatafuta njia nyingine chini kwa chini. Alimwambia hivyo mara moja, mumewe akawasha redio.

Jumamosi iliyofuata familia ya mume ilikutana nyumbani kwa wifi yake kuzungumzia ukarabati wa paa. Mazungumzo ya paa yalipochosha, Mama Miayo akasimulia kisa cha mwayo, na akakisimulia vizuri mno. Akaigiza sauti. Akaigiza kilimi. Mashemeji walijigaragaza kwa kicheko, na mkwewe, bibi wa miaka themanini na miwili, akaomba kisimuliwe tena.

Jumapili mumewe hakusema neno.

"Nikajua amenuna," anasema. "Na mimi nikasema, anune. Nilijua nimekosa, lakini sikutaka kuomba radhi kwanza. Nikajitia hamnazo."

Jumatatu hakusema neno pia. Alijifunga skafu shingoni, mkewe akaona ni mbwembwe za kutaka kuonewa huruma. Hakula, mkewe akaona amegoma, akala sehemu yake. Alilala ameketi kwenye kiti cha sebuleni, mkewe akaelewa kwamba amehama chumba.

Anafungua chombo cha chakula, anakifunika.

"Nitakwambia ukweli kwa sababu umeuliza. Nilifurahia. Miaka thelathini na moja ya ndoa, ilikuwa mara ya kwanza kusikia taarifa ya habari mpaka utabiri wa hali ya hewa. Nilikuwa nakunywa chai yangu kwa starehe, kumbe mtu anakufa mbele yangu, mimi nasikiliza mvua ya kesho."

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, walikuwa mezani. Mumewe alikuwa mbele yake, chai imepoa, amekigusa kikombe bila kukiinua. Mama Miayo alikuwa akifunga kitambaa kichwani ili awahi kazini. Usingizi ulikuwa haujamtoka, akapiga mwayo. Mwayo wa kawaida, wa mtu aliye nyumbani kwake.

Tangu waoane, anasema, hajawahi kupiga mwayo mbele ya mume wake bila mume kuufuata, hata wakiwa wamegombana. Asubuhi ile alimwona akijaribu. Mashavu yalivutika, macho yakajaa maji, na mdomo ukabaki umefumba, upana wa kidole hata haukufika.

"Nikaweka kitambaa chini. Nikamwambia, meza mate nikuone. Akatikisa kichwa. Nikaona leso mkononi, imelowa chapachapa. Nikavuta skafu."

Chini ya kidevu, pande zote mbili, kulikuwa na uvimbe mgumu kama ubao, mwekundu, wenye moto. Alimwambia amwite. Spika, ambaye akimwita mkewe alisikika mitaa miwili, alijaribu kusema "mama watoto". Ilitoka kama sauti ya mtu aliyejaza kiazi cha moto mdomoni.

"Watu wa namna hiyo nimewapeleka wanne. Mmoja hakurudi."

Hakumlaza, ingawa mumewe alitaka kulala. Alijua kwamba ulimi ulikuwa umeinuliwa na uvimbe, na akilala chali unaweza kuziba njia ya pumzi. Alimwinamisha mbele, akampa kitambaa kikavu cha mate, akatoka nje pekupeku kumgongea jirani mwenye gari. Jirani alitaka kwanza kupasha injini moto. Karani anasema hatamsahau jirani huyo wala injini yake.

Kliniki ilikuwa njiani, lakini alipita bila kusimama. Alimpigia daktari simu garini. Daktari alipouliza dalili, alimjibu kwa mpangilio uleule anaoutumia kila siku dirishani: mdomo haufunguki, mate hayamezeki, uvimbe chini ya taya pande mbili, sauti imebadilika, homa ipo. Daktari anakumbuka kwamba sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Alipomaliza orodha akasema, "Ni mume wangu, daktari," ndipo akalia.

Daktari alikuwa amekwisha kuwapigia hospitali kubwa. Waliwapokea mlangoni. Mumewe alichanwa chini ya kidevu usaha ukatolewa, akawekewa mpira wa kupumulia, akapewa dawa za mshipani, na lile gego likang'olewa hukohuko. Daktari wa upasuaji alimwambia mkewe kwamba wangengoja mpaka jioni, wangekuwa wanazungumza mambo mengine.

Siku nne mumewe hakuweza kusema. Mama Miayo alikaa pembeni ya kitanda, na anasema katika siku hizo alipata nafasi ya kujihukumu.

"Namba thelathini na moja sikuijutia. Ilikuwa namba yake halali, hata leo ningempa hiyohiyo. Nilichojutia ni kwamba nilimwambia angoje, sikumwambia asingoje mpaka lini. Nilimwambia jino lako si la dharura, nikaishia hapo. Alipoondoka, aliondoka akijua mkewe amesema si dharura. Basi likageuka kuwa dharura, na yeye bado anashika maneno yangu."

Siku ya tano mpira ulitolewa. Neno la kwanza la Spika, lililotoka kama mkwaruzo, lilikuwa swali: je, ile kadi nyekundu sasa anastahili? Muuguzi hakuelewa kwa nini mke wa mgonjwa alicheka na kulia kwa pamoja kiasi kile hadi akaombwa atoke nje.

Aliporudi kazini, Mama Miayo alichukua kadi zote nyeupe, akaketi na kalamu ya wino mzito, akaandika nyuma ya kila moja kwa herufi kubwa: UKIVIMBA, UKISHINDWA KUMEZA, UKISHINDWA KUFUNGUA MDOMO, UKIPATA HOMA, PUMZI IKIWA NZITO, RUDI HAPOHAPO, USISHIKE FOLENI. Chini yake akaongeza: MAUMIVU YAKIISHA GHAFLA, BADO NJOO.

Kwa kuwa watu hawasomi nyuma ya kitu chochote, aliweka sharti. Anayeambiwa arudi kesho hatoki koridoni mpaka ayaseme yale maneno kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya dirisha. Saa tisa alasiri ya siku hii, kijana wa shati la mistari, namba kumi na tisa, aliyeambiwa jino lake litazibwa kesho asubuhi, amesimama hapo kama mwanafunzi.

"Ukivimba, rudi," anasema. "Ukishindwa kumeza, rudi. Ukipata homa..."

"Umeruka moja."

"Mdomo! Mdomo ukikataa kufunguka. Kweli kweli, si kama wangu wa asubuhi."

"Na maumivu yakiisha?"

"Nafurahi?"

"Rudi mwanzo," anasema karani. Benchi linamsaidia kwa sauti moja, mwenye ndoo akiongoza, na kijana anaruhusiwa kwenda.

Fundi cherehani wa asubuhi ametoka saa nyingi, jipu limepasuliwa, jino limetoka. Alipita dirishani na kuinua mkono, kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa pamba. Daktari anasema angengoja siku moja zaidi, pengine mbili, angekuwa amechelewa.

Sokoni nako mambo yamebadilika. Sauti ya Spika ilichukua wiki sita kurudi, na ilirudi na mkwaruzo ambao wateja wake wanasema umeiongezea heshima. Ana kovu chini ya kidevu, la urefu wa kiungo cha kidole, na anapolionyesha huinua kichwa kama anayenyolewa.

"Shati la mikono mirefu, halina doa!" anapiga kelele juu ya rundo lake. "Wewe dada, shavu hilo limevimba tangu lini? Jana? Mate unameza? Haya, chukua shati, ila kesho ukiamka limezidi, shati liache, kimbia kliniki! Mwambie umetumwa na mume wake. Haitakusaidia kitu, lakini mwambie!"

Mama Miayo anastaafu baada ya miezi minane. Kliniki imeahidiwa mashine ya kutoa namba, na wenzake walidhani ataipinga. Haipingi. Anasema mashine na itoe namba, wala haitatukanwa na mtu aliyekuja na ndoo. Karani mpya ameanza kumfuata dirishani kujifunza, na ameshajua maswali yote, ila miayo yake bado haishawishi.

Mpango wake wa baada ya hapo hauko kwenye kliniki. Anataka meza ndogo sokoni, pembeni ya rundo la mitumba, yenye kiti kimoja na boksi la kadi zake za zamani.

"Wanaofika kwenye benchi wamekwisha kuamua kuja," anasema akifunga dirisha. "Hao watahudumiwa, leo au kesho. Mimi nawafikiria walioibwaga kadi wakaondoka. Wako nyumbani wamejifunga skafu, na wake zao wanadhani wamenuna."

Spika alipoulizwa kuhusu mpango huo, alisema meza imeshapatikana, na kiti ameshakipigilia misumari mwenyewe. Ana sharti moja tu: mkewe asizungumze sana, maana sokoni sauti ni moja na mwenyewe yupo.

Mkewe alipelekewa sharti hilo, akalitafakari, akalikubali bila kubishana.

"Aseme yeye," alisema. "Aseme mpaka jua lizame, aamshe na majirani. Nilishawahi kumsikia akinyamaza, na sitaki tena."